Daftari la Maoni

Liko kaunta, limefungwa kwa uzi wa kufungia keki,
kalamu yake imetafunwa kisogo
na watoto wanaongoja chenji.
Bi Conching alilinunua mwaka ule maji yalipopanda
hadi ngazi ya tatu, tukauzia mikate dirishani,
na watu wa Malabon wakapanga foleni viatu mkononi.
"Waandike," alisema. "Mdomo husahau."

Basi wakaandika.

Remedios, mwalimu mstaafu: Hopia yenu ya choroko
ina maganda kuliko choroko.
(Alinunua sita.)
Dereva wa bajaji, jina hakuweka: Pandesal ya leo
nimeimeza kama kidonge, bila maji.
Bibi harusi wa Juni: Keki ya ube ilikuwa zambarau
kama joho la askofu wakati wa Kwaresima;
mama mkwe kaniachia kipande kimoja,
lakini hilo si kosa lenu.
Na mtoto, kwa herufi zilizolala chali:
TAMU SANA TAMU.

Mimi ni mkandaji. Miaka kumi na mmoja nakanda hapa,
najua kilichomo kwenye donge kabla halijaumuka.
Nilikuwepo usiku ule wa Januari
siagi ilipopanda bei mara ya tatu.
Bi Conching alifungua bati la majarini kwa kisu,
polepole, kama anayefungua barua ya mtu mwingine,
akanitazama.
Nikatazama unga.
Ensaymada tukaiviringa vilevile, konokono kwa konokono,
tukaivika sukari, tukaimwagia jibini
kuliko siku zote. Aibu hupenda nguo nzito.

Asubuhi tukangoja matusi.

Yakaja maua. "Laini kama shavu la mjukuu."
"Mmebadilisha nini? Msirudi nyuma!"
Hata Remedios: Afadhali.
Husemwa mgema akisifiwa, tembo hulitia maji.
Huyu wetu alitia maji kwanza,
ndipo wakamsifu,
na kila sifa aliisoma akiwa amesimama,
mkono kinywani, kama anayesomewa mashtaka.

Wiki ya tano, katikati ya ukurasa mtupu:

SIAGI WAPI

Maneno mawili. Herufi zimesimama wima, zimeachana sawasawa,
kana kwamba kila moja imelipiwa.
Ile S yenye mkia mfupi aliitambua papo hapo.
Aliwahi kuipapasa kwa kidole siku nzima
kwenye jina la Crisanto, mumewe, katika jiwe
ambalo fedha yake ya mwisho haikudaiwa mpaka leo.

Mzee Doroteo, mchonga makaburi.
Ensaymada moja kila Jumamosi, mlangoni, hakai.

Bi Conching hakulia. Alifunga duka dakika kumi,
akahesabu, akafuta, akahesabu tena,
akanituma sokoni na mfuko wa turubai.
Jumamosi siagi ilikuwa imerudi,
na bei imeongezeka peso nne.

Hapo ndipo daftari lilipowaka moto!
Wizi. Mmelewa sifa. Nahamia duka la pili.
Dereva alichora kidonge, akakitia machozi.
Remedios: Kwa bei hii nitakula kwa macho.
(Sita.)

Mzee alikuja saa nne. Alikula amesimama,
nyusi nyeupe kwa vumbi la mawe, ndevu nyeupe kwa sukari,
au kinyume chake, sikuweza kujua.
Akalamba kidole gumba. Akaomba kalamu,
akafunua nyuma, ukurasa baada ya ukurasa,
mpaka akaufikia wake,
na kwa mstari mmoja ulionyooka
akakata neno WAPI.

Likabaki moja.

Jana nimeona, chini yake, mwandiko nisioujua:
Na pandesal je?

Bi Conching hajajibu.
Bati bado liko chini ya meza.
Nalipiga teke kila nikisogeza mguu.