Raba Tano

Inagonga. Kila tuta la Al-Khoud linaisema:
kong', chini ya kiti changu, upande wa kulia,
kama jirani mwenye neno asiyethubutu kupiga hodi.
Supra ya mwaka themanini na saba, rangi ya ubuyu,
nimeinunua kwa zamu za usiku, miaka minne pale maabara,
na mama bado anaiita debe.
"Thuwaiba, debe lako limeamsha mtaa."

Jumamosi, Wadi Kabir, saa tatu asubuhi,
mabati ya gereji yameshaanza kulia kwa joto.
Biju yuko uvunguni. Naona soli za ndara zake tu.
Ananyoosha mkono, ananikabidhi
raba ya kushikia ekzosi, au kilichokuwa raba.
Naikunja. Inakatika kama mkate wa juzi.
Lami ya Agosti imeipika, Agosti baada ya Agosti.

Nyingine mbili zimechanika.
Moja haipo kabisa, mahali pake waya wa kutundikia koti,
umesokotwa na yule bwana wa Sohar
aliyeniapia gari halina ila.
Ya tano nzima.
Ya tano ndiyo iliyobeba bomba zima, kimya,
na mimi nikidhani gari linanilalamikia.
Kamba hukatikia pabovu, husema mama.
Hana msemo wa pale palipobaki.

Duka la spea la Humaid liko nyuma ya wauza matairi.
Kiswahili chake cha Bujumbura, changu cha jikoni kwetu,
tunakutana katikati.
"Iko aina tatu, dada," anasema,
anazipanga kando ya chupa ya kahawa.

Nyeusi, nyepesi, baisa mia nane.
"Hii utarudi kwangu kabla ya Ramadhani.
Mimi napenda wateja, lakini si hivyo."

Nyekundu, ya poliuretani, ya vijana wa mashindano.
Naibonya kwa dole gumba. Hainijibu.
"Hiyo haikatiki. Ila injini utaisikia kwenye meno."

Ya tatu kwenye mfuko wenye maandishi nisiyoyajua,
riali nane, moja.
Naibonya: inaingia, inarudi taratibu,
kama mkate wa kumimina ukiujaribu kwa kidole.

Riali arubaini,
kwa kitu ambacho hakuna atakayekiona
ila Biju, na Biju akiwa chali.

"Bomba likipata moto linarefuka," anasema Humaid,
anapima hewani kwa vidole viwili.
"Ukilibana, linapasuka shingoni.
Usilifunge. Lishike, uliache liyumbe."
Nikaikumbuka nyumba fulani ya Mawaleh
ambamo hakuna kilichoruhusiwa kuyumba.
Miezi kumi na minne. Mlango wenyewe ulifungwa kwa hesabu.
Nikafungua pochi.

Nilitaka nne, ile nzima nibaki nayo.
Biju akakataa kwa lugha zote anazozijua:
mpya zitasimama, kongwe italegea,
ekzosi itakaa upande kama kofia ya mlevi.
Basi tano.
Akazipaka sabuni ya vyombo ili ziteleze,
akazisukuma moja moja kwenye ndoano zake, akiguna,
na jasho lake likadondoka kwenye zege na kukauka
kabla sijalihesabu.

Ile kongwe nimeiweka kwenye droo ya dashibodi,
pamoja na miwani na risiti.
Sina kazi nayo.

Al-Khoud, tuta la kwanza: kimya.
La pili: kimya.
Nikazima redio, nikashusha kioo, joto likaingia lote,
nikapita la tatu polepole, nimetega sikio
kama ninayepima mapigo.

Na hapo, nyuma ya kimya,
kitu kidogo, tiki tiki tiki,
mlangoni, au chini ya difu,
ambacho bila shaka kilikuwapo siku zote
kikisubiri yule mkubwa amalize kusema.