Beseni la Bati

Wiki mbili kabla ya sikukuu ya Yohana Mbatizaji
nimeegemeza ngazi ukutani, Casimiro,
pale pale ulipokuwa ukiiegemeza wewe,
ambapo chokaa imechubuka alama mbili
kama mkeka wa mtu aliyepiga magoti sana.

Ajo inaungua. Saa kumi na moja alfajiri
na tayari bati la kibanda cha kuku kisicho na kuku
linalia ta, ta, likijinyoosha.

Wageni husema jangwa halina maji.
Hawajaliona korongo la nyuma yetu mwezi wa saba
linavyoshuka na gurudumu, na mlango wa jokofu,
na mbuzi wa Bwana Ybarra pamoja na kamba yake.
Maji ya dakika arobaini.
Kisha mchanga, na watu wanatafuta viatu.

Orodha yako ipo bado, nyuma ya kalenda ya benki,
kwa penseli, kwa mwandiko wako wa mchimba shaba,
wa kukandamiza hadi karatasi ya pili:

    Zibua michirizi ya paa.
    Viroba ishirini, mlango wa kaskazini.
    Lami, kwenye shingo ya bomba la moshi.
    Kata tawi la mathenge linalogusa waya.
    Mishumaa. Dawa ya mama.
    Beseni.

Michirizi nimezibua: kiota cha njiwa, mchanga kikombe tele,
na soksi moja ya mtoto. Ya nani?
Sisi hatukujaliwa mtoto, wala juu ya paa.
Viroba nilijaza kumi na tatu, mgongo ukagoma.
Efraín akaja na koleo lake, akaongeza saba,
akaondoka kabla sijapata la kusema.
Lami imenipaka mimi kuliko nilivyoipaka.
Tawi nimekata.
Dawa ya mama sikununua. Mama alitangulia kabla yako
na hukumfuta.

Beseni sikulielewa.

Leo nimepanda darini kutafuta mishumaa.
Joto la tanuri, mavi ya panya, giza.
Tochi ikagonga bati, bati likajibu kwa mng'ao.
Lilikuwa limekalia boriti mbili,
usawa wa kitanda chetu, usawa wa mto wangu,
na ndani yake pete za chumvi, pete ndani ya pete,
kila moja mahali maji yalipofika yakakauka.
Nilihesabu kwa kidole. Kumi na tisa.

Juu yake ufa, mwembamba, unapitisha uzi wa jua.

Miaka kumi na tisa nikijisifu kwa dada zangu:
paa langu mimi halivuji.
Miaka kumi na tisa radi ikipasuka, nawe ukinyanyuka,
"Nakwenda kuangalia kuku,"
nami nikigeukia ukuta, nikilala, mkavu.
Kuku, Casimiro!
Kuku tuliwauza mwaka wa nne.

Usipoziba ufa, walisema, utajenga ukuta.
Wewe hukuziba, na hukujenga.
Uliamka.

Dalili ya mvua ni mawingu, lakini hapa
mawingu hudanganya wiki tatu mfululizo,
yanavimba juu ya Sonora, yanazima kama moto wa karatasi.
Dalili ya kweli ni nge kuhamia bafuni,
na vichaka vya gobernadora kutoa ile harufu
kabla tone halijadondoka,
na chini ya ua, mkono mmoja ndani ya udongo,
vyura waliolala tangu mwaka jana
kusikia mlio ambao mimi bado siusikii.

Lami imebaki nusu kopo. Inatosha ufa ule, na ziada.
Efraín ameniuliza mara mbili kama nina kazi nyingine ya paa.
Nimemwambia hapana.

Beseni nimelifuta vumbi, pete sikuzigusa,
nikalirudisha juu ya boriti zake.
Tochi nimeitia betri mpya.
Na viatu vyangu usiku huu
viko upande wako wa kitanda.