Vidole Vinne

Jumamosi, saa tatu usiku, Łódź,
ghorofa ya tatu, theluji imeziba dirisha la bafu,
na mashine ya kufulia imesimama na maji tumboni.
Haizunguki, haitemi. Taa nyekundu inakonyeza
kama mtu anayejua jambo na hasemi.
Ndani ya kioo shuka za mama mkwe zinaelea
kama donge la unga lililokataa kuumuka.

Nilichomoa plagi kwanza. Hilo nalijua.
Nikatandika taulo zote, hata ile ya wageni,
nikafungua kijimlango cha chini, nikavuta kibomba chembamba,
bakuli la supu chini yake, maana beseni halipenyi.
Bakuli la kwanza. La pili. La tisa.
Baada ya la kumi na nne nikaacha kuhesabu
nikaanza kulaani.

Chumbani Genowefa akakohoa.
Miaka thelathini na mmoja alisimama kiwandani
katikati ya mashine za kusokota pamba;
sikio la kushoto lilibaki huko,
la kulia linasikia hata vumbi likitua.
"Kabla haijazimika, ilinguruma?"
Ilinguruma, mama.
"Basi moyo upo. Tafuta koo."

Nikazungusha kichujio, polepole, kushoto.
Maji yaliyobaki yakanikimbilia magotini,
baridi, yananuka bwawa,
kisha vikatoka: fundo la nywele, sarafu ya grosze mbili,
ncha ya kamba ya kiatu,
na mbegu za cheri. Kumi na moja.

Ule mto wake! Kile kimto cha mbegu
anachokipasha moto kwenye redieta na kukiweka kiunoni.
Nilimwambia kisifuliwe. Nilimwambia mara ngapi?
Kikulacho ki nguoni mwako, nikasema, tena kwa sauti,
ili lile sikio la kulia lisikose neno.
Hakujibu.
Nikazipanga mbegu kwenye ukingo wa sinki, ushahidi.

Nikafunga. Nikachomeka. Nikabonyeza.
Ikanguruma, ikanguruma,
na maji yasipungue hata tone.

Wieńczysław wa chini akagonga bomba kwa kijiko,
mara tatu, yaani: watu wamelala.

"Itazame mgongoni," akasema Genowefa.

Nikaikumbatia kama mlevi aliyebebwa kutoka harusini,
nikaivuta, goti ukutani, vigae vikilia,
na huko nyuma, penye vumbi na pini za nguo zilizopotea,
mpira wa kutolea maji ulikuwa umekunjika,
umebanwa na ukuta, umekaza
kama midomo ya mtoto anayekataa dawa.

Mikwaruzo sakafuni ilikuwa mipya.
Jumatatu ni mimi niliyeisukuma mashine,
vidole vinne nyuma, kwa paja na kwa hasira,
ili kigari chake cha kutembelea kipite mlangoni.
Kilipita. Alisema ahsante.
Nami nilikuwa na haraka, sikuitikia.

Nikaunyoosha mpira kwa mikono miwili,
nikauinua, nikaufunga juu kwa utepe wa keki,
umepinda kama shingo ya bata bukini
usije ukajinyonga tena.
Nikabonyeza.
Kikohozi. Kimya. Kikohozi.
Kisha yakashuka yote kwa pamoja ndani ya ukuta,
yakapita kwa Wieńczysław, yakapita kwa wanafunzi wa chini yake,
nikayasindikiza kwa sikio mpaka barabarani.

Sasa mashine imetokeza mbele, vidole vinne,
na kigari hakipiti. Hilo sikuwa nimelifikiria.
Kwa hiyo alipotaka kuja bafuni nilimpa bega,
nasi tukapita ubavu kwa ubavu, kama kaa,
nguo yangu imelowa, mkono wake una moto wa redieta.

Akasimama mbele ya sinki. Akahesabu kwa ukucha.
"Kumi na moja," akasema.
"Mto ule niliujaza mbegu mia tatu."

Nyuma yetu mashine ikaanza kukamua,
na mahali fulani tumboni mwake kitu kidogo,
kigumu, kikagonga.