Ngazi ya Milembe

Uliichora daftarini, Milembe, vidato kumi:
kitasa, noti chakavu, magamba ya sato,
na kule juu kabisa, kula bila kunawa.

Nikakwama cha tatu.
Si uchafu tu, nikakwambia,
ni hesabu pia: saba, saba, tena saba,
na lile wazo kwamba nisipohesabu
mwanangu Ng'washi atazama pale Kirumba,
mahali maji hayafiki magotini.

Hukunisukuma.
Ulilaza daftari ubavu, ngazi ikawa daraja.
"Leo hatugusi kitu. Tunahesabu vibaya tu."

Tukakaa mwaloni juu ya kreti tupu.
Moja, mbili, tano —
nikaacha hapo.
Moyo ukakohoa kama injini ya mtumbwi inayogoma kuwaka.
Ng'washi akarusha jiwe ziwani.
Viwimbi vikaenda zao. Mimi sikwenda kokote.

Wiki ya kipindupindu ukakifuta kidato cha juu:
nawa, ukasema, kama jirani yako anavyonawa,
mara moja, kwa sabuni,
kisha funga bomba, uondoke na shaka lako.

Nimeondoka nalo.
Liko hapa mfukoni pamoja na chenji,
linanuka dagaa,
na mteja anauliza bei.