Makisio ya Njombe

Kila Julai, baridi ya Uyole ikishika vidole,
nafungua kaunta buku, nachora mstari katikati:
huku safari, huku fedha.
Mimi si mtu wa kusema nitajua huko huko.

Kilomita mia mbili ishirini na nne.
Gari hunywa lita moja kwa kilomita nane
likiwa na adabu,
na mlima wa Inyala haulindi adabu ya mtu.
Lita ishirini na nane kwenda.
Kurudi ni hizo hizo, barabara haina punguzo.
Chai na chapati mbili, Chimala.
Faini ya trafiki, elfu thelathini,
naiandika kabla sijakosa.
Mchele wa Kyela, kilo kumi, Atupele aliupenda.
Gesti, usiku mmoja,
maana sijui kama nitaambiwa nilale.

Najumlisha, nafunga: mwaka huu haiwezekani.

Mwaka juzi fedha zilitaka kutosha.
Nikaongeza tairi mbili.
Za zamani zilikuwa na meno yote,
nilizipiga teke mwenyewe, zikaitika,
lakini kalamu iliandika: tairi, mpya, mbili,
na jumla ikapanda kama ukungu wa Kawetere
ikanifunika.

Mwaka jana, betri.

Sekela anafundisha darasa la nne.
Husahihisha bila kupandisha sauti.
Juzi nimerudi gereji nikamkuta mezani,
buku liko wazi, kalamu nyekundu.
Tairi: mkasi.
Betri: mkasi, tulinunua Februari.
Kwenye gesti alisimama kidogo,
kisha pembeni, kwa mwandiko wa ubaoni:
Una dada Njombe.

Kilichobaki kilikuwa kidogo
kuliko tulichomlipa fundi wa geti.

Hakuuliza kitu. Akaenda kuepua maharage.
Mimi nikabaki na ile jumla,
ndogo, safi,
haina pa kujificha.

Stoo, nyuma ya magunia ya viazi,
ipo cherehani ya mama.
Miaka sita nimeifunika turubai.
Siku ya kugawana nilisema, mbele ya wajomba,
mtoto wa kike huhama na nguo zake tu.
Atupele alikuwa na sindano mdomoni,
alikuwa anashona kifungo cha koti langu.
Akamaliza. Akakata uzi kwa meno.
Akaondoka.

Niliiandika mstari wa mwisho: cherehani, moja.
Sikujua niiweke upande gani.
Uzito wake utaongeza mafuta kiasi gani,
nusu lita? robo?
Sekela alipita, akasoma,
hakuweka vema wala mkasi.

Leo alfajiri nimepiga stata.
Betri ikaitika mara moja, bila aibu.
Sheli, kijana kajifunga shuka shingoni, akauliza:
Ya shilingi ngapi, mzee?
Nikamtajia lita.
Ishirini na nane, na nusu ya juu.

Za kurudi
nitajua huko huko.