Hutanguliza Miguu

Nililinunua kwa Mholanzi wa visima vya gesi
siku aliyokuwa anafungasha kurudi kwao:
tela la kukunja, limejifumba kama chaza
kwenye ua wake pale Shangani, Mtwara,
juu yake paka, na majani ya mwarobaini.
Watu wa kwetu walisubiri kiinua mgongo changu
kigeuke bati, saruji, ekari za mikorosho.
Mdogo wangu Oswini alilizunguka mara mbili,
akaligonga ubavuni kwa kidole:
"Na nyumba hii, dada, msingi wake uko wapi?"

Karatasi ya maelekezo ni Kiholanzi mwanzo mwisho.
Heri michoro. Michoro haina kabila.
Twahili wa gereji aliishika juu chini,
akaigeuza, akasema tutaelewana nayo.

Somo la kwanza lilikuwa kurudi nyuma.
Uwanja wa mpira Ndanda, Jumapili, misa imetoka.
Nikikata usukani kushoto, tela laenda kulia;
nikilifuata kulia, lajikunja kama mtoto aliyenuna.
"Mama Teofrida, shika usukani kwa chini!
Mkono uende unakotaka mkia uende!"
Goli la kaskazini halikupona.
Mlingoti nimeulipa, elfu kumi na tano.

Kisha Rondo. Mtama tukaacha lami,
tukapanda na vumbi jekundu hadi kwenye misonobari,
kule juu ambako Julai watu huvaa masweta
na ukiwasimulia wa Lindi mjini wanacheka.

Sasa sikiliza, wewe utakayenunua la kwako:
tafuta kwanza ardhi isiyokudanganya.
Laza pimamaji sakafuni, tone la hewa likae kati.
Jiwe mbele ya gurudumu, jiwe nyuma,
kabla hujalitoa kwenye ndoano ya gari.
Nimesema kabla.
Mguu wangu wa kulia una kovu la baada.

Halafu teremsha miguu minne, pembe kwa pembe.
Hapo mikono yangu ilisita.
Miaka thelathini na mmoja, wodi ya wazazi,
kilichotanguliza miguu kilinitoa jasho;
nilimwita daktari, nikamwita na Mungu.
Hili hutanguliza miguu, na ndiyo salama yake.

Nikashika winchi, nikazungusha.
Paa likainuka shibiri moja, likakwama.
Twahili akataka kuvuta. Nikampiga kofi la mkono.
"Hakivutwi kitu hapa. Ngoja. Sikia kimekwama wapi."
Nikarudisha robo mzunguko, nikapapasa kwa ndani,
nikakuta turubai limeumwa na bawaba,
nikalilegeza kwa vidole viwili
kama kitovu kilichozunguka shingo.
Likaja.
Vitanda vikatoka huku na huku,
dirisha la wavu, kijimeza, harufu ya watu wengine,
na chini ya godoro soksi moja ya mtoto.

Kiberiti tulisahau. Tulikula mihogo baridi na korosho.
Usiku ukungu ukageuka manyunyu,
Twahili akaligusa turubai kuona kama limelowa,
na pale pale alipogusa ndipo lilipoanza kuvuja.
Usiguse. Andika hilo mahali.

Saa nane nikaamka, mazoea ya kazi,
nikakaa kitako kusubiri mlango ugongwe:
mama, uchungu umeanza, njoo na taa.
Mlango wenyewe ni zipu.
Nani atagonga zipu?
Nikasikiliza misonobari ikijisugua,
nikajifunika tena, hadi masikioni,
nikalala usingizi ambao nilikuwa nauwekea wengine.

Kulikunja ni somo lingine. Bado sijalijua.
Tulirudi Ndanda shuka likining'inia ubavuni kama ulimi,
watoto wakilikimbilia hadi getini.

Ijumaa hii Oswini amekuja na blanketi lake.
Hakuuliza habari za msingi.
Ameuliza upande upi hauvuji.