Safu ya Tatu

Asubuhi, kabla ya chai ya maziwa na chumvi,
nasimama wima na kipimo changu cha plastiki,
navuta hewa hadi kisogoni,
napuliza. Fyuu!
Kishale kinaruka, kinakwama.
"Ngapi?" anauliza baba bila kugeuka.
Mia mbili na sabini.
"Rudia."
Mia mbili themanini na tano.
Anaandika.

Jina langu Tselmeg, maana yake mbingu isiyo na wingu.
Nilizaliwa Ulaanbaatar, Januari,
kwenye mtaa wa mahema na mabati juu ya kilima,
siku ambayo, anasema bibi,
hata mlango wa jirani ulimezwa na moshi.
Walinipa jina kama mtu anavyoweka akiba.

Baba anauza makaa ya mawe.
Pale kona, gunia kwa gunia.
Moshi wa kila jiko kilimani umepitia mikononi mwake,
na buti zangu, na nyama ya supu, na dawa yangu
vimepitia mikono hiyo hiyo.
Nimlaumu?
Nje ni thelathini chini ya sufuri.
Anayezima jiko huku kwetu hapumui vizuri zaidi,
anaganda tu.

Inhela ni mbili. Ya bluu ni ya dharura.
Ya kahawia ni ya kila siku, asubuhi na jioni,
uwe mgonjwa, uwe mzima.
Hiyo "uwe mzima" ndiyo iliyonishinda.
Oktoba nilikuwa mzima, napanda ngazi mbili mbili,
na ya kahawia nikaifutika ndani ya soksi
nikasema nimesahau.
Sikusahau.
Sikutaka Khulan anikute chooni nasukutua mdomo
kama kikongwe na meno yake ya bandia.

Novemba ikanikuta uwanjani, robo ya tatu,
tuko nyuma kwa pointi nne.
Kwanza kikohozi kikavu, kidogo, chenye adabu.
Kisha kifua
kikakazwa
mkanda,
tundu
kwa
tundu.
Nikasikia filimbi, nikadhani ya refa.
Ilikuwa yangu.

Khulan ndiye aliyemwaga begi langu sakafuni,
vitabu, kitana, soksi, mpaka ya bluu ikabingirika.
Kocha Ganzorig akatoboa kitako cha chupa ya soda,
akaichomeka, mdomo wa chupa kwenye mdomo wangu:
"Moja. Vuta. Taratibu. Ngoja... Mbili."
Pumzi ya kwanza iliyoingia
ilikuwa na harufu ya machungwa.

Baba alikuja hospitali na masizi kwenye kope.
Akasimama mlangoni.
Akavua koti, akaligeuza ndani nje, akaliacha kwenye korido,
akanawa mara tatu, hadi viwikoni,
ndipo akakaa.
Daktari alipotoa fomu ya kujaza namba za kila siku
baba akamrudishia. Akasema anayo daftari.

Ni lile la mauzo.
Safu ya kwanza, magunia. Ya pili, fedha.
Ya tatu aliipiga kwa rula usiku ule ule
na juu yake hakuandika kitu.

Sasa Februari.
Wiki ambayo magunia yanapanda, mimi nashuka.
Naona. Anaona.
Koti linalala nje, limesimama peke yake kwa barafu.
Navuta ya kahawia, nasukutua, natema kwenye ndoo.
Jana nimecheza dakika sita.
Leo, mia tatu na kumi.

"Rudia," anasema baba,
na kalamu imeshagusa karatasi.